Mawe ya Torquil na Meli ya Jumapili

Kwetu Ness, juu kabisa ya kisiwa cha Lewis, pale barabara inapokwisha na bahari inapoanza, kuna wanaume watano wanaoitwa Torquil, na watatu kati yao ni akina Morrison. Ndiyo maana kila mmoja amebandikwa jina la kumtambulisha. Yupo Torquil Posta, ambaye babu yake aligawa barua. Yupo Torquil Mrefu, ambaye si mrefu. Na yupo huyu wetu, Torquil Mstari.

Aliitwa Mstari kwa sababu ya kazi yake kanisani. Sisi hatuna kinanda wala kwaya. Tunaimba Zaburi kwa Kigaeli, lugha ya wazee wetu, tumekaa vitini, na mbele yetu, chini ya mimbari, anasimama mtu mmoja tu wa kutuimbisha. Yeye huutoa mstari peke yake, kisha kanisa zima huupokea na kuuvuta, kila mtu kwa pumzi yake na kwa mapambo yake, na kabla ule mvuto haujaisha yeye tayari ametoa mstari unaofuata. Asipoutoa, hakuna wimbo. Torquil alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyekundu, na sasa zilikuwa nyeupe.

Siku za kazi alikuwa mfumaji. Nyuma ya nyumba alikuwa na banda lenye mtambo wa kufuma sufu, ule wa kukanyaga kwa miguu, na ukipita barabarani ulisikia anavyoupiga kuanzia asubuhi mpaka chai ya jioni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mawili kati ya hayo machache yalikuwa "siyo mbaya". Mtambo ulipomvunja kidole, alisema siyo mbaya. Kondoo wake dume aliposhinda tuzo ya wilaya, alisema siyo mbaya. Mkewe Murdina husema kwamba hata siku ya harusi, alipoulizwa na baba mkwe anajisikiaje, jibu lilikuwa hilohilo, na yeye Murdina alikuwa amesimama pembeni na shada la maua.

Sasa, kuhusu Jumapili. Ness siku ya Jumapili nguo hazianikwi, mtambo haukanyagwi, na viazi humenywa Jumamosi. Zamani hata meli ya kwenda bara ilikuwa haiondoki. Kampuni ilipoamua kwamba iondoke, wapo watu walioshuka mpaka bandarini Stornoway kuonyesha kwamba hawajapendezwa, na katikati yao alikuwa Torquil, kofia mkononi, akitoa mstari kwa sauti ambayo abiria waliisikia mpaka ndani ya magari yao. Picha yake ilitoka gazetini. Meli iliondoka vilevile, na imeendelea kuondoka kila Jumapili, lakini tangu hapo jina la Torquil na ile meli havikutajwa pamoja bila watu kuinamisha vichwa kwa heshima. Yeye mwenyewe hakuwahi kuipanda Jumapili, na kijiji kizima kilijua hivyo.

Mawe yake ya tumboni yalijitangaza mwezi wa nane, msimu wa guga. Guga ni kifaranga cha ndege wa baharini, mnene kuliko mama yake, ambaye wanaume wetu humfuata kwenye mwamba ulioko mbali baharini na kumrudisha akiwa ametiwa chumvi. Huchemshwa, maji yakamwagwa, akachemshwa tena, kisha huliwa kwa mikono pamoja na viazi na glasi ya maziwa, na mafuta yanatiririka mpaka viwikoni. Mtu wa bara akipewa guga hulia. Mtu wa Ness hulia akikosa. Torquil alikula mmoja mzima na nusu ya guga wa Murdina, akanyanyuka mezani akiwa ameridhika, na hakufika mlangoni. Maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia, yakazunguka mpaka kwenye bega, yakamkalisha chini sakafuni huku jasho likimtoka. Murdina alimuuliza kulikoni. Akasema siyo mbaya, na akatapika ndani ya kofia yake.

Daktari wetu alimbonyeza tumbo, akampeleka mjini akapigwe picha, na majibu yakaja. Mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa vijiwe, na kimoja kilikuwa kimechungulia kwenye mrija. Hilo jiwe la mrijani ndilo lililotaka fundi. Kisiwani hatuna wa kulitoa, wapo bara, hospitali kubwa ya Inverness, na wanaowangoja ni wengi. Daktari alimwambia ataitwa. Lini, hakujua. Wakati huo asile mafuta, na maumivu yakizidi, au macho yakiwa ya njano, au akitetemeka kwa homa, asijikaze kisabuni, aite msaada.

Hapo ndipo alipomkosea Torquil. Kumwambia mtu wa Ness asijikaze ni kumwambia asipumue.

Murdina, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hajawahi kuacha, aliichukua nyongo ya mumewe kama darasa lenye watoto watundu. Siagi ilifungiwa. Soseji nyeusi ya damu, ambayo kisiwa chetu kinajivunia, ilipigwa marufuku. Supu ya kondoo ikaenda kwa jirani, Dolina, ambaye aliipokea kwa moyo wa huruma na kuimaliza. Torquil akabaki na samaki mweupe wa kuchemsha, viazi vitupu, na uji wa shayiri uliopikwa kwa maji. Alikonda. Suruali yake ya kanisani ikaanza kutaka kamba. Watu walipomuuliza, alisema anapunguza uzito, na kwa kuwa mkewe alikuwa amejulikana kwa kumpangia mambo, waliamini.

Kwa maana hakumwambia mtu. Murdina alijua, daktari alijua, na basi. Alisema hataki watu waje kumkalia sebuleni wakimpa pole. Ukweli ulikuwa kwamba aliogopa kupumzishwa. Mtu anayetoa mstari huhitaji tumbo lake lote, na kama wazee wa kanisa wangejua kwamba tumbo la Torquil limejaa kokoto, wangemwambia kwa upole apumzike mpaka apone, na mahali pake angesimama Torquil Mrefu. Torquil Mrefu alikuwa akiukata mstari mwishoni. Kwa hiyo kila Jumapili alisimama, akabana mkono chini ya mbavu, akaimba, na waumini walisema sauti yake siku hizi ina uchungu fulani wa rohoni, imekomaa.

Maumivu yalikuja na kuondoka yalivyotaka. Wiki nyingine hayakuja kabisa, akaanza kudhani mawe yamechoka. Kisha Dolina akamletea kipande kidogo cha keki, kidogo tu, na huwezi kumrudishia jirani keki yake usoni, na akatumia mchana uliofuata amepiga magoti kwenye banda, paji la uso limeegemea mtambo, akingoja yapite. Murdina alipoona mtambo umenyamaza alikuja na chupa ya maji ya moto. Aliiweka mgongoni mwake akaishikilia hapo.

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka majani yakawa ya kahawia.

Simu ilikuja Ijumaa moja alasiri, akiwa bandani, na Murdina akiwa nyumbani anakanda unga. Aliyepiga alikuwa msichana wa ofisi ya hospitali, mchangamfu, mtu wa bara. Alisema mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi imepatikana ya kutoa jiwe la mrijani, je, Bwana Morrison anaweza kufika Jumatatu saa moja asubuhi? Torquil alishika ukingo wa mtambo. Akasema anaweza. Msichana akauliza, kwa ajili ya faili, maumivu yakoje siku hizi.

"Siyo mabaya," akasema Torquil.

Alikata simu na kwa muda akakaa tu, moyo mwepesi. Angeondoka na meli ya Jumamosi, alale kwa binamu wa Murdina, Jumapili aende kanisani hukohuko. Akainuka aende kumwambia mkewe. Redio ya bandani ilikuwa inasoma hali ya hewa. Upepo mkali ulikuwa unakuja kutoka magharibi, na meli zote za Jumamosi zilikuwa zimefutwa, na ndege pia. Huduma ingerejea Jumapili mchana.

Torquil akakaa tena.

Kabla ofisi haijafungwa akampigia yule msichana, akamwambia samahani, hataweza, meli ya kesho imefutwa. Msichana alimwambia asubiri, akasikika akibonyeza kitu.

"Mbona naona hapa ipo ya Jumapili," akasema. "Saa nane na nusu mchana."

"Hiyo siipandi."

"Imejaa?"

"Haijajaa."

"Sasa tatizo nini, bwana?"

"Ni ya Jumapili."

"Ndiyo," akasema msichana taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa wa kitu kingine. "Ndivyo nilivyosema. Jumapili." Akabonyeza kitu tena. "Ulisema maumivu siyo mabaya, sivyo? Basi nimpe mtu mwingine, wewe tukuite tena?"

"Mpe," akasema Torquil.

Akaingia ndani, akanawa mikono, akala samaki wake. Murdina alimuuliza simu ilikuwa ya nani, maana alikuwa ameisikia ikilia kupitia dirishani. Akasema ni ya kiwandani, wanaulizia kitambaa.

Ungemuuliza Torquil siku hiyo kwa nini, angekuambia Amri ya Nne, ile ya kuitakasa Sabato, na angeisema kwa Kigaeli bila kukosea. Lakini mimi namfahamu. Si Mungu ambaye Torquil alikuwa anamwogopa. Yeye na Mungu walikuwa wamezoeana miaka mingi, wangeelewana. Alikuwa anamwogopa Dolina. Alikuwa anaiona foleni ya bandarini, watu anaowafahamu wakishusha vioo vya magari, na yule mtu wa kwenye picha ya gazeti akipanda ngazi ya meli na mkoba wake mkononi. Na ili wasimseme, ingembidi atangaze kwamba anaumwa, anaumwa sana, na hilo nalo lilikuwa limekaa kooni kama mwiba wa samaki.

Upepo ulikuja Jumamosi kama ulivyoahidiwa, ukaezua paa la banda la kuku la jirani. Jumapili bahari ilitulia, na meli ikaondoka.

Siku chache baadaye Mchungaji Nicolson alipita bandani, kama alivyozoea, kupanga Zaburi za wiki. Alikuwa mtu wa makamo kutoka kisiwa cha Skye, mpole, mwenye macho ambayo huwezi kuyapita kirahisi. Walipomaliza, Torquil aliendelea kukanyaga mtambo wake, kisha, bila kugeuka, akasema kuna mtu mmoja alikuwa na swali. Huyo mtu alipata haja ya kusafiri Jumapili, kwenda kutibiwa, akakataa. Alifanya vizuri?

Mchungaji aliuliza kama huyo mtu ni mgonjwa sana.

"Kidogo," akasema Torquil.

"Kondoo wako akianguka mtaroni Jumapili, unamwacha mpaka Jumatatu?"

"Namtoa."

"Basi unalo jibu. Kazi ya lazima na kazi ya huruma hazina siku." Mchungaji alivaa koti lake. "Na huyo mtu mwambie kitu kingine, kutoka kwangu. Mwambie asimfanye Mungu kisingizio."

Mtambo ulinyamaza. Mchungaji alipoondoka, Torquil alibaki amekaa, masikio yakiwaka moto. Alijiona mjinga, na alikuwa sahihi. Akaitafuta namba ya hospitali na kupiga. Alikuwa tayari, alisema, siku yoyote. Msichana alimkumbuka. Alikuwa na furaha kusikia hivyo, lakini nafasi ile ilishapata mtu, na kwa kuwa alikuwa amejitoa mwenyewe, alikuwa amerudishwa nyuma kwenye foleni. Asiwe na wasiwasi, ataitwa. Torquil akamshukuru. Na hilo nalo hakumwambia mkewe, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa bado halijasemwa, na la pili haliwezi kutangulia.

Sasa alikuwa anaficha maumivu kwa kijiji kizima, na simu kwa mtu mmoja. Ya pili ndiyo iliyomlemea. Kila Murdina alipoweka sahani mezani na kusema, "Vumilia, watapiga tu," samaki alikuwa mgumu kumeza.

Jumapili iliyomwangusha ilikuwa ya jua la baridi, na kanisa lilikuwa limejaa. Alikuwa ameamka akitetemeka kwa baridi, akavaa fulana mbili. Murdina alimtazama macho asubuhi dirishani, akasema hayampendezi, akasema wakitoka tu kanisani watampigia daktari. Akasema sawa.

Zaburi ya kwanza alisimama, akautoa mstari, na kanisa likaupokea. Wa pili vilevile. Ile ilikuwa siku ambayo sauti zilikuwa zimekaa, wanaume chini, wanawake wakipanda juu yao, na hata sisi tusio na sauti tulijisikia kuwa tunazo. Kanisa lilikuwa linauvuta mwisho wa mstari wa pili, na Torquil akafungua kinywa autoe wa tatu.

Hakikutoka kitu.

Kwetu kanisa haliendi mbele bila mstari. Kwa hiyo watu waliendelea kuushikilia ule wa pili, wakimngoja. Wakaushikilia. Mtu mmoja aliishiwa pumzi akavuta nyingine akarudi. Torquil alikuwa ameshika kizuizi cha mbao kilichokuwa mbele yake kwa mikono yote miwili, uso wake una rangi ya mshumaa, kinywa kiko wazi. Sauti zikaanza kudondoka moja moja, za nyuma kwanza, kisha za pembeni, mpaka akabaki bibi mmoja kule chini ya dirisha, na yeye pia akanyamaza. Sijawahi kusikia kanisa letu likinyamaza katikati ya Zaburi. Lilikuwa jambo la kutisha.

Murdina alinyanyuka kwenye kiti chake. Mwanamke kwetu hazungumzi kanisani, na hata watoto wanajua. Alitembea katikati mpaka mbele, akamshika mumewe kiunoni, akageuka.

"Ana mawe ya nyongo," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia darasani. "Anangoja hospitali tangu msimu wa guga. Aliniapisha nisiseme, na sasa nimesema. Muuguzi yupo?"

Muuguzi alikuwepo, juu roshani, na alishuka ngazi mbili mbili. Alimvuta Torquil kope, akamgusa shingo, akasema macho ni ya njano na mwili unawaka, jiwe limeziba na uchafu umeingia, huyu hangoji daktari. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa kisiwa na mama anayejifungua. Ikaitwa helikopta ya waokoaji.

Ilitua kwenye kiwanja cha mpira kinachotazamana na kanisa, ambacho Jumapili hakichezwi hata na kuku. Waumini wote walikuwa nje, wameshikilia kofia. Torquil alibebwa kwenye machela mbele yao, kuanzia mlango wa kanisa, kupita ukutani, kuvuka barabara, na akiwa amelala chali aliwaona wote, Torquil Mrefu, Torquil Posta, Dolina, wote wakimtazama. Akavuta blanketi akajifunika uso. Kijana wa uokoaji akalifunua.

"Usijifunike hivyo, mzee. Watadhani umekufa."

Kisha akamuuliza, kuanzia moja mpaka kumi, maumivu ni mangapi.

"Siyo mabaya," akasema Torquil.

"Hiyo siyo namba."

"Andika kumi," akasema Murdina.

Ndani hapakuwa na nafasi yake. Aliambiwa hivyo kwa upole, na mlango ukafungwa. Kitu cha mwisho Torquil alichokiona ni mkewe akirudi nyuma kutoka kwenye upepo, mkono juu ya kofia yake ya bluu ya kanisani. Hakuonekana kama mwalimu. Alionekana mdogo.

Kilichofuata kilimpitia kwa vipandevipande. Taa. Mikono ya baridi. Mtu akimwambia ameze mpira mrefu, kisha dawa ya usingizi. Alipozinduka, kwenye dirisha la hospitali ya Inverness kulikuwa na giza, tumbo lake lilikuwa tulivu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, na kwenye kiti kando ya kitanda alikuwa amekaa Murdina, na kofia kichwani.

Alidhani ni ndoto ya dawa.

"Umefikaje?" akauliza.

"Kwa meli."

"Meli ipi?"

"Leo ziko ngapi, Torquil?"

Alimweleza kwa kifupi. Mchungaji Nicolson alikuwa ametoa baraka ya haraka, mahubiri hakuyafikia, akamtia kwenye gari lake na kuendesha mpaka Stornoway kwa mwendo ambao hataki kuuzungumzia. Alimbebea mkoba mpaka ndani ya meli.

"Na kola yake ya uchungaji?"

"Na kola yake shingoni. Ungetaka aivue?"

Torquil alitazama dari. Aliuliza nani walikuwemo melini. Kama kulikuwa na watu wa Ness.

"Sijui."

"Hukuwaona?"

"Torquil," akasema Murdina, "nilikuwa naomba nisikukute umekufa. Sikuwa naangalia nani anakunywa chai."

Nje ya pazia mtu alikuwa akisukuma kitoroli cha chakula. Torquil alijua kwamba asipousema ukweli sasa hatausema tena, na kwamba atarudi nyumbani jiwe limetoka na kitu kizito zaidi kimebaki.

"Walinipigia," akasema.

"Nani?"

"Hospitali. Ile Ijumaa kabla ya upepo. Walinipa Jumatatu. Ilibidi nije kwa meli ya Jumapili, nikakataa. Nilikudanganya ni kiwandani."

Murdina aliinama. Aliitazama mikono yake mapajani. Torquil angependa apige kelele. Wanafunzi wake wa zamani husema hivyohivyo, kwamba alipokuwa kimya ndipo walipotamani viboko.

"Nami nikaendelea kupika samaki," akasema Murdina mwishowe.

"Ndiyo."

"Kila siku nikakuambia vumilia, watapiga."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya watu."

"Kwa sababu ya watu," akasema Torquil. Aliona aibu kiasi kwamba machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuwa na nguvu za kuyafuta. "Na yaliuma, Murdina. Yaliuma sana."

"Najua yaliuma. Nalala pembeni yako." Alivuta kitambaa mkobani akamfuta, masikio yote mawili, si kwa upole sana. "Nitakuambia kitu, kisha sitakirudia. Leo nilipopanda ile meli nilikuwa na hasira na mwenye helikopta, na mawimbi, na wewe. Kwamba ni Jumapili, sikukumbuka. Nimekumbuka hapa, uliponiuliza."

Torquil alitafuta mkono wa mkewe juu ya shuka, akaupata, na yeye hakuuondoa.

Baadaye kidogo daktari aliingia, mwanamke mrefu mwenye miwani shingoni. Alisema jiwe limetoka, homa itashuka, alikuwa amechelewa lakini hakuchelewa mno. Mfuko wenyewe wa nyongo bado una mengine, itabidi ukatwe. Siyo leo. Atarudi nyumbani, apate nguvu, kisha ataitwa nafasi ikipatikana, na wakati mwingine nafasi hutokea ghafla. Akafungua faili.

"Namba tunayokupigia ni hii ya simu yako ya mkononi, Bwana Morrison?"

Torquil akafungua kinywa.

"Ifute hiyo," akasema Murdina. "Andika yangu."

Daktari alimtazama mgonjwa. Torquil akatikisa kichwa kukubali, na Murdina akaitaja namba polepole, tarakimu moja moja, kisha akamwomba daktari aisome tena asikie.